Messier 60 na jirani yake: swali la angani ambalo Dodoma inaweza kulifanyia kazi

Katika kundinyota la Mashuke zipo galaksi mbili ambazo kila picha inazionyesha zimeegemeana. Kubwa inaitwa Messier 60. Ni galaksi ya duaradufu, yenye mwanga laini wa manjano usio na mikono wala michirizi, na iko umbali wa karibu miaka nuru milioni 54 (mwaka nuru mmoja ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Ndogo inaitwa NGC 4647. Hii ina rangi ya samawati, umbo la kisahani na mikono iliyojikunja, na ndani yake nyota changa bado zinazaliwa. Machoni petu kingo zao zinapishana kabisa. Swali ambalo wanaastronomia wamelibeba kwa miongo kadhaa ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu: je, hizi ni galaksi jirani zinazovutana kweli, au moja iko mbele na nyingine nyuma, na sisi tumesimama mahali panapozifanya zionekane pamoja?

Naliandikia swali hili Dodoma kwa sababu ni swali la aina tunayoikosa mashuleni. Halina jibu la kukariri. Ushahidi wake uko wazi kwa mtu yeyote mwenye intaneti, na kulifuatilia kunamfundisha kijana kutofautisha kile anachokiona na kile alichokithibitisha. Hoja yangu ni kwamba vijana wa Tanzania ya kati wanaweza kuingia kwenye kazi hii sasa hivi, bila kungoja mtu atujengee darubini kubwa, na kwamba ni hasara kwetu kuendelea kupokea habari za anga zikiwa zimeshapikwa na wengine.

Tuanze na ushahidi wenyewe, maana ndiko kwenye utamu.

Messier 60 iligunduliwa Aprili 1779. Johann Gottfried Koehler, Mjerumani, aliiona tarehe 11 akiwa anafuatilia nyotamkia iliyokuwa ikipita Mashuke, na siku nne baadaye Mfaransa Charles Messier akaiona pia na kuiandika kwenye orodha yake. Hawakujua wanatazama nini. Dhana ya galaksi nje ya galaksi yetu haikuwa imethibitishwa, na haikuthibitishwa mpaka karne ya ishirini. NGC 4647 ilifuata mwaka 1784, mikononi mwa William Herschel.

Aliyezifunga pamoja kwa jina moja ni Mmarekani Halton Arp. Mwaka 1966 alichapisha atlasi yenye picha 338 za galaksi zenye maumbo yasiyo ya kawaida, nyingi zikiwa zimepigwa kwa darubini ya mita tano ya Palomar, California. Jozi yetu aliipa namba 116, akaiweka kwenye fungu la galaksi za duaradufu zilizo karibu na galaksi za mikono na zinazozivuruga. Angalia uzito wa neno hilo la mwisho. Kusema mbili zimekaribiana ni kueleza picha. Kusema moja inaivuruga nyingine ni kutoa hukumu, na hukumu inadai ushahidi wa ziada.

Maisha ya Arp yanafaa kusomwa na kila mwanafunzi wa sayansi. Atlasi yake bado inatumika, na bila yeye tungechelewa sana kuelewa jinsi galaksi zinavyoumbuana. Lakini huyohuyo, katika miaka iliyofuata, aliona kwenye picha vitu vyenye mwanga mkali viitwavyo kwasa vikiwa kando ya galaksi za karibu, akashikilia kwamba vimeungana nazo, ingawa vipimo vya mwanga wake vilionyesha viko mbali mara nyingi zaidi. Wenzake wengi hawakushawishika. Miaka ya 1980 alinyimwa muda wa kutumia darubini za nyumbani kwao, akahamia Ujerumani, akaendelea kutetea msimamo wake mpaka alipofariki mwaka 2013. Mimi namheshimu. Alikuwa na jicho kali kuliko karibu kila mtu wa kizazi chake, na hilo ndilo linalonifanya niamini kwamba jicho kali peke yake halitoshi.

Mfano mwingine uko kwenye simu za wengi wetu. Julai 2022 darubini ya anga ya James Webb ilitoa picha zake za kwanza, na mojawapo ilikuwa ya galaksi tano zilizobanana, zilizogunduliwa na Édouard Stephan mwaka 1877 huko Marseille, Ufaransa. Ni picha ya kupendeza, na ukiitazama utaapa kwamba zote tano ni ukoo mmoja. Nne ni ukoo kweli, ziko umbali wa karibu miaka nuru milioni 290 na zinagongana. Ya tano, NGC 7320, iko umbali wa miaka nuru milioni 40 tu. Imepita mbele ya kamera, basi. Hakuna kitu ndani ya picha yenyewe kinachokutangazia hivyo. Lazima upime.

Sasa, kwa Messier 60 na NGC 4647, kupima kunakwama wapi? Njia ya kawaida ya kukadiria umbali wa galaksi ni kuangalia jinsi inavyotukimbia, kwa kuwa ulimwengu unatanuka na za mbali zaidi hutukimbia kwa kasi zaidi. Messier 60 inaenda zake kwa karibu kilomita 1,100 kwa sekunde, NGC 4647 kwa karibu kilomita 1,400. Tofauti ni kilomita 300 hivi. Ukiichukua tofauti hiyo yote kuwa ni ya umbali, utapata kwamba galaksi ndogo iko nyuma ya kubwa kwa takriban miaka nuru milioni 14, na hadithi ya kuvutana inaishia hapo. Lakini jozi hii imo ndani ya kundi kubwa la galaksi la Mashuke, lenye galaksi zaidi ya elfu moja, na humo kila galaksi inazungushwa na uzito wa kundi zima kwa kasi ya mamia ya kilomita kwa sekunde, nyingine zaidi ya elfu. Kwa hiyo kilomita 300 zinaweza kuwa ni mwendo wa ndani ya kundi na zisiwe umbali hata kidogo. Kipimo kinachotusaidia mahali pengine pote kinatuangusha hapahapa tunapokihitaji.

Zipo njia nyingine. Kwa galaksi ya duaradufu, unaweza kupima jinsi mwanga wake ulivyo na chembechembe: ikiwa karibu, nyota zake kubwa huufanya uso wake uwe na madoadoa madogo, na kadiri inavyokuwa mbali ndivyo uso unavyolainika. Njia hii inaifaa sana Messier 60. Haiifai NGC 4647, kwa sababu vumbi na nyota changa za galaksi ya mikono huharibu hesabu. Kwa hiyo makadirio ya umbali wa galaksi ndogo yametofautiana. Maelezo yaliyotolewa mwaka 2012 pamoja na picha ya darubini ya Hubble yaliiweka kwenye miaka nuru milioni 63, yaani mbali na jirani yake.

Halafu, Aprili 2022, nyota ililipuka ndani ya NGC 4647. Ilikuwa supanova ya aina ambayo wataalamu huitumia kupimia umbali, kwa sababu mng'ao wake halisi unajulikana, na ukijua mng'ao halisi na ule unaofika kwetu, umbali unapatikana kwa hesabu. Aliyeigundua hakuwa mtaalamu wa kulipwa. Ni Koichi Itagaki wa Japani, mpenzi wa nyota anayetafuta supanova kwa darubini zake mwenyewe. Hili nalisisitiza kwa makusudi kwa wale wanaoamini kwamba anga ni kazi ya mashirika yenye mabilioni.

Ushahidi wa upande mwingine ni alama za mwilini. Galaksi mbili zikikaribiana, upande wa karibu huvutwa kuliko upande wa mbali, kama Mwezi unavyovuta bahari yetu, na matokeo yake ni mikia na madaraja ya nyota. Ndugu wawili, Alar na Jüri Toomre, walilionyesha hilo kwa hesabu za kompyuta mwaka 1972. Mara nyingi pia gesi hubanwa na nyota mpya huzaliwa kwa wingi. Kwa jozi yetu, watu walitafuta mlipuko huo wa nyota changa kwenye eneo la kupishana na hawakuuona. Ilipokuja picha ya kina ya Hubble, zikaonekana dalili hafifu kwamba kuvutana huenda ndiyo kwanza kunaanza. Tena gesi baridi ya NGC 4647 imeelemea upande mmoja, lakini hata hilo lina maelezo zaidi ya moja: inaweza kuwa imevutwa na Messier 60, au imesukumwa na gesi ya moto inayoizunguka galaksi hiyo kubwa.

Nikiulizwa mimi, ninaelemea upande wa wanaosema kuvutana kumeanza. Dalili ni dhaifu lakini zinaelekea mahali pamoja. Siwezi kumlazimisha mtu kukubali, na mwanafunzi akinipinga kwa vipimo nitafurahi kuliko akikubali kwa sababu nimeandika.

Watu huuliza kama nyota zitagongana galaksi hizi zikiingiliana. Hapana, karibu hazitagongana kabisa. Chukua punje ya zabibu ya Dodoma yenye upana wa sentimita moja na nusu, useme hilo ndilo Jua. Nyota ya jirani yake itakuwa zabibu nyingine umbali wa kilomita 430 hivi, karibu mwendo wa barabara kutoka hapa mpaka Dar es Salaam, na katikati hakuna kitu. Kinachogongana ni mawingu ya gesi. Nyota zenyewe hupishana, njia zao hupindishwa, mpangilio wa kisahani huvurugika, na baada ya mamilioni mengi ya miaka kinachobaki ni mviringo laini wa nyota kuukuu usio na gesi ya kuzalia nyota mpya. Kwa maneno mengine, hubaki galaksi ya duaradufu. Messier 60 yenyewe, yenye uzito wa takriban Jua trilioni moja na shimo jeusi la Jua bilioni 4.5 katikati yake, ni mabaki ya miungano ya zamani.

Kuna hata masalia ya mlo wake. Karibu nayo upo mkusanyiko mdogo sana wa nyota uitwao M60-UCD1, upana wake miaka nuru 300 tu, wenye nyota zipatazo milioni 140. Mwaka 2014 watafiti walioongozwa na Anil Seth wa Chuo Kikuu cha Utah walipima mwendo wa nyota zake na kukuta katikati shimo jeusi lenye uzito wa Jua milioni 21. La galaksi yetu, kubwa kama ilivyo, lina milioni nne. Kitu kidogo namna ile kisingeweza kuota shimo kubwa namna hiyo. Maelezo yanayokubalika ni kwamba kilikuwa kiini cha galaksi kubwa zaidi, iliyosogea karibu mno na Messier 60 ikavuliwa nyota zake za nje mpaka kikabaki kiini. Hapo ushahidi uliegemea mizani. Mtu alipima uzito, na uzito ukakataa maelezo mepesi.

Na tusidhani kwamba mambo yaliyokwisha kuandikwa vitabuni hayabadiliki. Kwa miaka mingi tumeambiwa kuwa galaksi yetu, Njia Nyeupe, itagongana na galaksi jirani ya Andromeda baada ya miaka bilioni nne au tano, bila shaka yoyote. Juni 2025 kundi la watafiti lililoongozwa na Till Sawala wa Helsinki lilirudia hesabu kwa vipimo vipya vya darubini za anga za Gaia na Hubble, likaingiza kutokuwa na uhakika kwa kila kipimo na mvuto wa galaksi ndogo za jirani. Jibu likawa kwamba uwezekano wa kuungana ndani ya miaka bilioni kumi ni karibu nusu kwa nusu. Fikiria kizazi kizima cha walimu kilichofundisha jambo lile kama hakika.

Sasa nije nyumbani. Dodoma ni nusu jangwa. Mvua zetu huanguka kwa msimu mmoja, kwa kawaida kati ya Desemba na Aprili, na baada ya hapo anga hubaki kavu kwa miezi. Katikati ya Mei, mtama ukiwa unavunwa Kongwa na Chamwino, kundinyota la Mashuke liko juu sana upande wa kaskazini karibu saa nne usiku. Tafuta nyota ya Vindemiatrix, kisha sogea magharibi kwa upana wa vidole vitatu hivi vya mkono ulionyooshwa. Kwa darubini ndogo yenye kioo cha milimita 150, mbali na taa za mji, Messier 60 itaonekana kama doa hafifu la mviringo. NGC 4647 itadai kioo kikubwa zaidi na giza la kweli.

Wazee wetu walilijua anga hili kwa ajili ya shamba. Kuhusu kundi la nyota la Kilimia walisema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Huo ni uchunguzi wa miaka na miaka uliofupishwa kwenye sentensi moja. Waliangalia, wakalinganisha, wakaweka kumbukumbu. Shule zetu zimeichukua mada hiyohiyo na kuifanya maneno ya kukariri. Kwa muda mrefu elimu ya anga imekuwa miongoni mwa mada za mwishomwisho za fizikia ya kidato cha nne, na kinachowekwa mwishoni ndicho kinachokimbizwa mtihani unapobisha hodi. Mwanafunzi anatoka akijua majina ya sayari kwa mpangilio, na hajawahi kuulizwa hata mara moja: umejuaje?

Najua pingamizi litakalokuja, na ni pingamizi la haki. Mkoa wenye shida ya maji una ruhusa gani ya kuhangaika na galaksi? Nalijibu kwa Makutupora. Visima vya bonde lile, kaskazini mwa jiji, vimeinywesha Dodoma kwa miongo mingi, na watu wamekuwa wakipima kina cha maji yake tangu katikati ya karne iliyopita. Mwaka 2013 watafiti walichapisha uchambuzi wa rekodi ya miaka 55 kutoka hapo. Waligundua kwamba maji yale hayajazwi na mvua za kawaida za kila mwaka, bali kwa sehemu kubwa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, mingi ikiambatana na El Niño. Hilo huwezi kuliona kwa kusimama kando ya kisima msimu mmoja. Unahitaji mtu anayejua kutenganisha ishara na kelele, anayeheshimu kipimo cha jana, anayekubali kusema bado ushahidi hautoshi. Ujuzi huo ni uleule unaohitajika kuamua kama NGC 4647 iko karibu au nyuma. Kijana aliyeupata kwenye picha ya galaksi anaweza kuutumia kwenye picha ya setelaiti ya malisho ya Bahi au ya mmomonyoko wa Kondoa. Anga lina faida moja ya ziada: linawavuta vijana kabla hujawaomba.

Kuhusu taa, nitasema kwa ufupi. Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia hapa mwaka 2016, na tangu Dodoma ilipopewa hadhi ya jiji mwaka 2018, mji umetanuka kwa kasi ambayo aliyekuwapo hapo awali asingeiamini. Barabara zinahitaji mwanga na watu wanahitaji usalama. Lakini taa inayomwaga mwanga juu haimsaidii mpita njia. Inapoteza umeme na kufuta nyota. Taa zenye kofia, zinazoangaza chini tu, zifungwe sasa wakati mji unajengwa, maana kuzibadilisha baadaye kutagharimu zaidi. Hombolo na vijiji vya Chamwino bado vina giza zuri. Lisipangiwe ulinzi, litaondoka ndani ya kizazi kimoja.

Lakini sitaki tungoje taa wala darubini. Picha za Hubble zinahifadhiwa kwenye ghala la wazi, na mtu yeyote anazipakua bure. Mwaka 2007, mradi wa kuwaomba watu wa kawaida wapange galaksi kwa maumbo ulipoanza mtandaoni, mwalimu wa shule wa Uholanzi, Hanny van Arkel, aliona wingu la ajabu kando ya galaksi moja ambalo wataalamu hawakuwa wamelitambua. Leo wingu hilo linaitwa kwa jina lake. Alichokuwa nacho ni kompyuta na tabia ya kuuliza.

Kwa hiyo hii hapa kazi, na naitaja kwa Chuo Kikuu cha Dodoma waziwazi, kwa sababu iko ndani ya uwezo wa mwanafunzi wa fizikia wa mwaka wa mwisho. Pakua picha za Hubble za Messier 60 na jirani yake. Mwanga wa galaksi ya duaradufu ni laini kiasi kwamba unaweza kuuandikia mfano wa hesabu, duaradufu juu ya duaradufu, kuanzia katikati mpaka pembeni. Tengeneza mfano huo kwa programu za bure za lugha ya kompyuta ya Python, kisha uutoe kwenye picha. Messier 60 itafutika, na NGC 4647 itabaki peke yake, pamoja na chochote kilichovurugwa. Pima kama mikono ya upande unaoelekea galaksi kubwa imepinda kuliko ya upande wa pili, na kwa kiasi gani. Linganisha na galaksi nyingine za mikono za kundi hilohilo zisizo na jirani mkubwa, ili ujue kupinda huko ni kwa kawaida au la. Andika ulichokipata, hata kama ni kwamba hakuna tofauti. Inatakiwa kompyuta ya kawaida, bando la kupakulia picha, na mwalimu mmoja aliye tayari kusimamia.